Paka, Kucha na Spika: Lipi Kweli, Lipi Si Kweli

Kila mwenye paka na redio ya maana sebuleni amewahi kupewa ushauri, na mwingi wake humwumiza mnyama bila kuiokoa spika. Nimekusanya madai ninayoyasikia mara kwa mara kwa majirani, kwa mafundi wa redio na kwa watu wanaofuatilia mambo ya paka kwenye intaneti. Nayapima hapa kwa uzito wake, kwa sababu kitambaa cha spika kinabadilishika, lakini kidole cha paka kikishakatwa hakirudi.

“Paka anaparura spika kwa kisirani, au kwa sababu anachukia muziki.”

Si kweli. Paka huparura hata redio ikiwa imezimwa, na huparura hata katika nyumba isiyo na redio kabisa. Ukucha wake hukua kwa matabaka, na tabaka la nje likichakaa sharti libanduke ili lile kali la chini litokeze. Ukiinama ukaokota vigamba vyembamba vilivyopinda mbele ya spika, ndiyo hayo. Pia anajinyoosha mabega na mgongo, hasa akitoka kulala. Tena katikati ya vidole vyake kuna tezi zinazoacha harufu, kwa hiyo kila mparuro ni tangazo kwa macho na kwa pua kwamba hapa pana mwenyewe.

Sasa itazame spika kama yeye anavyoiona. Ile ya kusimama sakafuni ina kimo cha karibu mita moja na uzito wa kutosha, haiyumbi anapoivuta. Mbele imevikwa kitambaa chenye nyuzi zinazoshika ukucha vizuri. Isitoshe, imewekwa pale watu wa nyumba wanapokaa jioni, na paka hapeleki alama zake uchochoroni, anaziweka penye harufu za watu wake. Hakuna samani nyingine sebuleni yenye sifa zote hizo kwa pamoja. Anayetaka kuilinda spika aanze kwa kukubali kwamba paka amechagua vizuri, kisha atafute namna ya kumpa kitu kizuri zaidi.

Kuhusu muziki, ni kweli kwamba masikio yake yanafika mbali kuliko yetu. Binadamu mwenye masikio mazima husikia mpaka hezi 20,000 hivi, na paka hupita hezi 60,000. Kelele nyingi zinaweza kumkera. Lakini paka aliyekerwa na sauti huondoka chumbani, hajisogezi mpaka kwenye chanzo chake.

“Kumwondoa paka kucha ni kama kumkata kucha ndefu, ila unafanya mara moja tu.”

Si kweli, na laiti ningeruhusiwa kufuta dai moja tu kati ya haya yote, ningefuta hili. Huku kwetu upasuaji huu si jambo la kawaida, lakini ushauri wa Marekani hutufikia kila siku kwenye simu, na ndugu zetu wanaoishi huko wanaweza kushauriwa waufanye kana kwamba ni huduma ndogo tu. Ukucha wa paka haukukaa juu ya nyama. Umeota kwenye mfupa wa mwisho wa kidole, na ili usiote tena lazima mfupa huo ukatwe. Miguu ya mbele ina vidole kumi, kwa hiyo hukatwa mifupa kumi. Kwa mwanadamu ingekuwa kukatwa kila kidole kwenye kiungo cha juu kabisa. Na paka hutembea kwa vidole, si kwa wayo, kwa hiyo uzito wake unaangukia palepale palipokatwa, maisha yake yote.

Mwaka 2017 jarida la tiba ya paka liitwalo Journal of Feline Medicine and Surgery lilichapisha utafiti wa paka 274, nusu yao wakiwa wameondolewa kucha. Hao walionekana kuwa na maumivu ya mgongo zaidi, walikuwa wepesi zaidi kuuma, na wengi zaidi walijisaidia nje ya sehemu waliyotengewa. Fikiria basi mtu aliyefanya hayo ili kulinda vyombo vya muziki, halafu akaanza kukuta mkojo juu ya amplifaya. Kitambaa kilichochanika unakibadilisha mchana mmoja. Mkojo ukiingia ndani ya amplifaya unakula waya na bodi.

Mataifa kadhaa yameshaamua. Mkataba wa Baraza la Ulaya wa mwaka 1987 kuhusu wanyama wa nyumbani unakataza upasuaji huu usipokuwa wa tiba, Uingereza inaukataza kwa sheria ya mwaka 2006, na jimbo la New York lilikuwa la kwanza nchini Marekani kuupiga marufuku, mwaka 2019. Maryland ikafuata mwaka 2022.

“Mpulizie maji kila akisogea, atakoma.”

Hatakoma. Haja ya kuparura haiondoki kwa kulowa. Atakachojifunza ni kwamba wewe ukiwepo maji yanakuja, basi atasubiri utoke. Kupiga kelele na kumpiga kuna matokeo hayohayo, na juu yake unapata paka mwenye hofu, na paka mwenye hofu huweka alama nyingi zaidi.

“Mnunulie nguzo ya kuparura, mambo yataisha.”

Hili ni nusu kweli. Watu hununua kijinguzo cha sentimita arobaini chenye kitako chepesi, wanakitupa pembeni nyuma ya mlango, kisha wanalalamika kwamba paka hakitaki. Na kwa nini akitake? Akijinyoosha anagota juu, akivuta kinaanguka. Nguzo ifike sentimita 90 au zaidi ili asimame kwa miguu ya nyuma na kujinyoosha wima. Kitako kiwe kipana na kizito. Na isimame palepale mbele ya spika anayoipenda, ikiizuia kabisa, hata kama kwa wiki chache sebule itapoteza sura yake. Akiigusa tu, mpe kipande cha dagaa papo hapo, ukiwa bado unasikia kucha zinafanya kazi, kwa sababu zawadi ikichelewa haielewi inahusu nini. Akishaizoea, isogeze taratibu, sentimita chache kwa siku, mpaka mahali unapopataka. Ukiihamisha kwa pupa atarudi kwenye spika.

Ya kuizungushia ni kamba ya katani, na hapa sisi tuna bahati. Paka wengi huipenda kuliko zulia, kwa sababu nyuzi zake hukwanyuka vizuri chini ya ukucha na alama inabaki ikionekana. Katani hutoka kwenye mkonge, mmea wenye asili ya Mexico ulioletwa Tanga na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na ambao bado unalimwa huko. Kinachouzwa kwa bei ya juu kwenye maduka ya wanyama ya Ulaya unaweza kujitengenezea kwa gogo la mti, ubao mpana, misumari na kamba ya dukani. Ikaze kamba sana wakati wa kuizungusha, mzunguko ukibanana na mwenzake. Ikichakaa usiibadilishe yote kwa mkupuo, maana harufu yake ndiyo inayomwita arudi.

“Sugua mafuta ya karafuu au weka dawa ya nondo kwenye spika.”

Ni hatari, tafadhali usifanye. Ini la paka lina upungufu wa vimeng’enya vya kuvunjavunja kemikali kama ile iliyomo kwenye mafuta ya karafuu. Mafuta yakimgusa manyoya, atajilamba na kuyameza. Mafuta ya mchaichai na ya maganda ya machungwa si salama kwake pia, na vidonge vya nondo vyenye naftalini ni sumu. Ukitaka kumweka mbali na sehemu fulani, tumia kile asichokipenda kwa mguso: tepu inayonata pande zote mbili. Usiibandike juu ya kitambaa chenyewe, itaacha gundi. Ibandike kwenye karatasi ngumu ya plastiki, uisimamishe mbele ya spika, na uiondoe unapotaka kusikiliza.

“Vua kitambaa cha mbele, paka hatakuwa na cha kuparura.”

Kiasi ni kweli, kwani kinachomvutia ni kitambaa, na wapenzi wengi wa muziki hukivua ili wasikie vizuri zaidi. Ila sasa koni, ile sehemu inayotikisika kutoa sauti, iko wazi. Koni ya sabufa inaweza kuhimili mguso, lakini twita (spika ndogo za sauti za juu) nyingi zina kibonge cha hariri au kitambaa chembamba kabisa, na ukucha mmoja unatosha. Koni ya karatasi iliyotoboka fundi anaweza kuiziba kwa karatasi nyembamba na gundi. Twita iliyochanika kwa kawaida hubadilishwa nzima. Mwenye paka mdogo mwenye michezo asivue.

“Ivike kanga au kitambaa kizito zaidi.”

Kwa paka umemwongezea tu cha kuparura. Kwa sauti umeipoteza ile ya juu: matoazi, s za mwimbaji, mwanzo wa kila mpigo wa gita. Sauti nzito za chini hupita karibu kila kitu, lakini nyembamba hukwama kwenye nyuzi zilizosongamana. Jipime hivi: weka kitambaa mdomoni upulize. Pumzi ikipita bila shida, sauti nayo itapita. Kilicho imara kweli ni wavu wa chuma wenye matundu mengi, kama ule wa spika za bendi na za mikutano. Ukucha hauna pa kushika, na paka huchoka kujaribu. Fundi mzuri anaweza kukukatia wavu huo na kuufunga kwenye fremu ileile ya mbao ya zamani, akiweka sponji nyembamba pembeni usitetemeke.

“Kumkata ncha za kucha kunasaidia.”

Kweli. Hakumwondolei haja ya kuparura, ila kunapunguza madhara. Bonyeza kidole taratibu, ukucha utatokeza; ile sehemu ya waridi ndani yake ina damu na mishipa ya fahamu, usiifikie. Kata ncha angavu tu, miguu ya mbele, kila baada ya wiki mbili au tatu. Asiyekubali vidole kumi kwa siku moja, mkate viwili leo, viwili kesho. Viko pia vifuniko laini vya plastiki vinavyogandishwa juu ya kucha, navyo hudumu wiki nne mpaka sita, lakini kwa paka anayetoka nje sivishauri, kwa sababu kucha ndizo zinazompandisha mtini akikimbizwa na mbwa.

“Analala juu ya amplifaya kwa sababu anapenda muziki.” Anapenda joto. Mwili wa paka hutulia zaidi kwenye nyuzi 30 mpaka 38 za Selsiasi, kwa hiyo hata hewa ya Dar es Salaam si lazima imtoshe. Manyoya yanaziba matundu ya kupitishia hewa na chombo kinaungua. Weka amplifaya kwenye rafu yenye nafasi ya kupumua lakini isiyomtosha paka kujilaza, na umtandikie kitambaa sehemu ya juu yenye jua.

Swali la mwisho ninaloulizwa ni lini kibadilishwe kitambaa kilichokwisha kuchanika. Subiri mpaka paka awe anaiendea nguzo yake mwenyewe bila kushawishiwa. Ukiwahi, kipya nacho kitaanza kuparurwa. Siku ya kubadilisha, ng’oa kitambaa cha zamani chote pamoja na gundi, futa fremu kwa maji ya sabuni ili harufu aliyoiacha iishe, iache ikauke kabisa, ndipo uvike kipya.