Kutoka Mitunguu hadi Ololokwe: Namna ya Kuchagua Matembezi ya Siku Moja

Ukiteremka kutoka Nkubu kwenda Mitunguu, nchi hubadilika mbele ya macho. Kahawa inaisha, hewa inapata joto, kisha inaanza migomba inayonyweshwa maji ya mto Thingithu, matunda ya mradi wa umwagiliaji uliojengwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Wajerumani. Pita Mitunguu uendelee kuelekea Tunyai na Chiakariga, na kijani hicho kinakatika. Udongo unakuwa mwekundu, migunga na mibuyu inashika nafasi, na vilima vya mawe vinasimama kimoja kimoja juu ya tambarare ya Tharaka.

Mtajie mtu wa Imenti habari za kupanda mlima, na mawazo yake yatakwenda Mlima Kenya: baridi, masweta mazito, siku nne au tano za safari. Nchi kavu ya chini ina matembezi ya namna nyingine. Unaondoka alfajiri, unapanda mwamba au kushuka korongo, na jioni unarudi kulala. Hayahitaji hema wala mpagazi. Yanahitaji kuchaguliwa kwa makini, na hapo ndipo wengi wanapokosea.

Wekundu wa udongo na mawe ya nchi hii kavu una sababu moja karibu kila mahali duniani. Madini ya chuma yaliyomo ndani ya mwamba au udongo hukutana na hewa na maji, yakashika kutu. Ndiyo iliyoyapaka rangi majabali ya Sedona, Arizona, ambako watalii humiminika kutoka pande zote za Marekani, na ndiyo inayopaka miguu ya mtoto anayechunga mbuzi Tharaka. Tofauti iko katika mwamba. Sedona ni mchanga wa kale ulioshikamana ukawa jiwe. Vilima vya Tharaka na Mbeere ni mifupa ya milima mikongwe ya Ukanda wa Msumbiji, mwamba uliopikwa na kukandamizwa chini ya ardhi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita.

Siku hizi safari nyingi huanzia kwenye simu. Mtu anaona picha ya rafiki aliyesimama ukingoni mwa jabali jua likizama, naye anaamua kwenda. Picha haimwambii kuna maji au hakuna, njia ina kivuli au haina, wala ni saa ngapi za kurudi gizani kutoka pale ukingoni. Maswali hayo matatu ndiyo yanayostahili kutangulia uzuri.

Anza na saa. Huku kwetu karibu na ikweta jua huzama kwenye saa kumi na mbili na nusu jioni, mwaka mzima, na giza halichelewi. Joto kali hushika kuanzia saa sita hadi saa tisa mchana, na jiwe tupu huendelea kulirudisha hata baada ya jua kupungua. Kwa hiyo kilima cha nchi kavu kinafaa kupandwa kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, na anayefikisha saa tano bila kufika kileleni ageuke tu. Mlima utakuwepo mwezi ujao.

Maji yafuate. Lita tatu kwa kila mtu ni kiwango cha chini kwa siku nzima, na zibebwe zote kutoka nyumbani, maana mito mingi ya msimu hubaki mchanga mtupu wakati wa kiangazi. Jasho huondoka na chumvi, kwa hiyo njugu zilizotiwa chumvi pamoja na ndizi mbivu za Mitunguu ni chakula kizuri kuliko biskuti. Viatu viwe vya kufunika vidole na kifundo, kwa ajili ya miiba na kwa ajili ya kifutu, nyoka mvivu anayelala njiani na asiyehama akisikia hatua.

Kwa walio Mitunguu, vya karibu ni vilima vya Ntugi na Kijege upande wa Tharaka. Ukishika barabara ya Ishiara kuelekea Embu, uko pia Kiang'ombe, karibu na Siakago, wenye urefu wa mita zipatazo 1,800 juu ya usawa wa bahari na tambarare za Mbeere zikiwa chini yake. Hivi ni vilima vya wenyeji, vyenye misitu yao na sehemu wanazoziheshimu. Pitia kwanza kwa chifu au ofisi ya misitu, upate kijana wa hapo wa kukuongoza, na umlipe vizuri. Yeye ndiye anayejua wapi pana nyuki. Usidhani kuwa Hifadhi ya Taifa ya Meru, yenye kilomita za mraba 870, itakupa matembezi hayo hayo. Mle mna simba, nyati na vifaru, na safari yake ni ya gari.

Jabali linalostahili safari ndefu ni Ololokwe. Liko kaskazini mwa Archer's Post, kando ya barabara ya Isiolo hadi Moyale, zaidi ya kilomita 100 kutoka mji wa Meru. Kilele chake ni bapa, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kuta zake ni wima kiasi kwamba tai mzoga hujenga viota bila kusumbuliwa. Kwa Wasamburu ni mlima mtakatifu, nao uko katika eneo la hifadhi ya jamii ya Namunyak. Mgeni hulipa kwa wenyeji na hupanda akiongozwa nao, jambo la lazima kwa kuwa tembo hupita humo. Kupanda huchukua saa tatu hivi kwa mtu wa kawaida. Anayetoka Mitunguu afadhali alale Archer's Post, ili asubuhi imkute chini ya mlima badala ya barabarani.

Makorongo yana hesabu yake, na ni ngumu zaidi. Mlima hukuchosha kwanza kisha ukakupa mteremko. Korongo hukuteremsha ukiwa na nguvu, likakudai mpando ukiwa umechoka. Kule Grand Canyon, Marekani, vibao huwaonya watu wasijaribu kushuka hadi mto Colorado na kurudi siku hiyo hiyo.

Hatari kubwa kuliko uchovu ni maji ya mbali. Hifadhi ya Hell's Gate karibu na Naivasha, iliyoanzishwa mwaka 1984, ni miongoni mwa hifadhi chache za Kenya ambamo mtu huruhusiwa kutembea na kuendesha baiskeli kati ya pundamilia. Ndani yake kuna korongo jembamba la Ol Njorowa, lenye kuta za mwamba wa volkeno. Aprili 2012 mafuriko ya ghafla yaliua watu saba humo. Septemba 2019 yaliua tena saba, akiwemo kiongozi wao. Mvua ikinyesha kwenye vilima vya juu, maji hukusanyika na kuingia korongoni kwa kishindo, hata kama anayetembea chini anaona anga safi. Wingu jeusi upande wowote ni sababu tosha ya kutoka.

Anayetaka jiwe jekundu linalofanana hasa na la Arizona itambidi aende pwani. Marafa, kilomita thelathini hivi kutoka Malindi, ndiko liliko korongo la Nyari, ambamo mvua na upepo vimechonga mchanga kuwa minara ya rangi nyeupe, waridi na nyekundu. Viongozi wa Kigiriama husimulia jinsi ukoo tajiri uliooga maziwa ulivyomezwa na ardhi. Njia ni fupi, na saa bora ni kuanzia saa kumi jioni.

Kwa kundi la Mitunguu linaloanza, basi, Kiang'ombe au Ntugi mwezi wa Januari au Februari, mvua za Oktoba hadi Desemba zikiwa zimekwisha na zile za Machi bado. Ololokwe ifuate Julai au Agosti, miguu ikishazoea. Familia yenye watoto iende Hell's Gate, ibaki kwenye barabara ya baiskeli na kuliacha korongo. Kabla ya kuondoka, mwachie mtu nyumbani jina la mlima, namba ya kiongozi na saa ya kurudi, kwa sababu mtandao wa simu hukatika mapema huko chini.