Tungue: Askari Walinde Nini Kwanza?

Watu wa pwani ya Ruvuma wakitaja Tungue, msomaji ajue kuwa ndiyo Palma ya ramani za Msumbiji. Nchi ambayo Wareno waliinyakua kwa mizinga mwaka 1887 kutoka mikononi mwa Sayyid Barghash wa Unguja. Zamani hizo iliyotamaniwa ni forodha yake. Sasa ni gesi.

Tarehe 5 Oktoba, 2017, waasi walivamia vituo vya polisi vya Mocímboa da Praia, mji jirani upande wa kusini. Tangu siku hiyo swali la nani alindwe, na kwa askari wangapi, limekuwa la kufa na kupona. Mwezi Agosti, 2020, Mocímboa ilianguka mikononi mwa waasi. Na mwezi huohuo serikali na kampuni ya Total zilipatana juu ya kikosi cha pamoja cha kulinda mradi wa gesi huko Afungi, kampuni ikisaidia kwa vifaa na mahitaji mengineyo.

Palma yenyewe ikashambuliwa tarehe 24 Machi, 2021. Mamia ya askari walikuwapo Afungi, kilomita chache tu kutoka hapo. Wale wa mjini walizidiwa. Wananchi walikimbilia misituni, wengine baharini kwa mashua, na maelfu wakaelekea Afungi na Quitunda, kijiji cha waliohamishwa kupisha mradi. Tazama mambo ya dunia: aliyepoteza shamba ndiye aliyempokea aliyepoteza nyumba!

Hatusemi mitambo isilindwe, kwani ni mali ya taifa zima. Tunachosema ni kwamba mvuvi wa Tungue naye ni raia, wala nyumba yake haina ukuta wala lango la chuma.

Mwezi Julai, 2021, Rwanda ilipeleka askari na polisi wapatao 1,000, wakashika Palma na Mocímboa, na wakimbizi wengi wakaanza kurejea. Majeshi ya SADC yalishika wilaya nyingine, kisha yakamaliza kazi yao Julai, 2024. Waasi nao walisogea kule kulikopwaya: tarehe 10 Mei, 2024, waliuvamia mji wa Macomia, ambako hakuna gesi. Sheria iliyopitishwa mwaka 2022 imewatambua wanavijiji wenye silaha kuwa Kikosi cha Mahali. Lakini tunaonelea kwamba kumpa mkulima bunduki si badala ya kumpelekea polisi.