Ramani za Zamani za Uluguru

Maji mengi yanayotoka bombani Dar es Salaam ni ya mto Ruvu, na Ruvu huanzia milima ya Uluguru, mkoani Morogoro. Anayetaka kujua milima hiyo ilikuwaje kabla ya uhuru hana haja ya kubahatisha. Ramani zipo.

Ni ramani za kipimo cha 1 kwa 50,000, yaani sentimita moja ya karatasi ni nusu kilometa ya ardhi. Ndege ilipita juu ikipiga picha, kila picha ikirudia zaidi ya nusu ya iliyotangulia. Picha mbili za jirani zikitazamwa pamoja kwa chombo maalumu, jicho hili picha hii na jicho lile picha ile, mlima huinuka mezani kama kinyago. Hapo mchoraji hufuata kimo kimoja baada ya kingine, na ndiyo ile mistari ya kahawia mnayoiona. Ikibanana, mteremko ni mkali. Ikiachana, umefika bondeni, ambako Ruvu hutambaa na kufurika upendavyo.

Lakini picha haioni chini ya miti. Penye msitu mnene mchoraji aliona vilele vya miti tu, ardhi akaikisia. Kwa hiyo, ndugu msomaji, usile kiapo kwa kijito kilichochorwa ndani ya msitu.

Ukingo wa msitu, hata hivyo, ulionekana vizuri, na hapo ndipo penye hazina. Mwaka 1955 msitu wa Uluguru ulikuwa na kilometa za mraba zipatazo 300. Kufikia mwaka 2001 zilibaki karibu 230, na sehemu kubwa iliyokatwa ni ya miteremko ya chini, karibu na mashamba. Bila kumbukumbu za miaka ya 1950 tungebishana tu, huyu akisema msitu ulifika hapa, yule akikana.

Huko bondeni, waliohamishiwa vijiji vya ujamaa miaka ya 1970 wanaweza kuyatafuta mahame yao kwenye karatasi hizo.

Wanaotaka kumaliza ugomvi wa mpaka kwa ramani hizi na simu ya mkononi wamwone mpimaji kwanza. Ramani zilijengwa juu ya mfumo wa vipimo uitwao Arc 1960. Simu hutumia mwingine. Namba za mfumo mmoja zikisomwa kwenye mwingine bila kugeuzwa, alama husogea karibu mita 300, kaskazini au kusini. Mlimani, hizo ni shamba lako, la jirani, na la jirani wa jirani.