Hadithi ya Kutisha Ipite Mlango Upi?

Arua hakuna jarida la hadithi za kutisha. Koboko hakuna. Hata Kampala, Nairobi na Dar es Salaam sijaona jarida la Kiswahili lililojitangaza kwamba kazi yake ni mizimu, majini na wafu wasiotulia. Kijana wa West Nile anayeandika mambo hayo akikaa kungoja jarida la namna hiyo, mchwa watazimaliza karatasi zake. Na bado hadithi za kutisha zimechapishwa Afrika Mashariki kwa zaidi ya miaka 60. Zilipita zikiwa zimevaa jina jingine.

Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda shindano la hadithi la East African Literature Bureau la mwaka 1957–58, na mwaka 1960 kitabu chake, Mzimu wa Watu wa Kale, kikatoka. Maiti isiyo na kichwa inakutwa mahali watu wanapotambikia. Hebu niambie hiyo kama si hofu! Lakini kwa sababu mpelelezi Bwana Msa anaingia na kiko chake kuchunguza, kitabu kikapewa jina la upelelezi na kikasomwa shuleni. Said Ahmed Mohamed alimtoa babu kaburini aje kumsumbua mjukuu wake kigogo katika Babu Alipofufuka (2001), nayo ikaitwa riwaya ya siasa. Hapa Uganda, Jennifer Nansubuga Makumbi aliandika juu ya laana inayoufuata ukoo mmoja kuanzia karne ya 18. Mswada huo, Kintu, ulishinda mradi wa miswada wa wachapishaji Kwani? wa Nairobi mwaka 2013, ukachapishwa mwaka uliofuata. Hakuna aliyeuita hadithi ya mapepo.

Kwa hiyo nawashauri waandishi wasijitambulishe kwa mhariri kwa kusema, "Ninaandika hadithi za kutisha." Mpeni hadithi. Kwanza someni alichokichapa mwaka jana, mjue hofu ya aina gani inapita kwake.

Chukua wachapishaji wa Kenya. Hadithi fupi ya Kiswahili kule huishi zaidi ndani ya mikusanyiko ya shule: Damu Nyeusi na Hadithi Nyingine, Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine, na ndugu zao. Kitabu kikiteuliwa kutahiniwa katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, mauzo yake hayana mfano, na ndiyo maana mhariri husoma mswada huku akimfikiria mwalimu, mzazi na mchungaji. Damu inayomwagika kwa ajili ya kumwagika tu itarudishwa. Mchawi ambaye kwa kweli ni mnyang'anyi wa ardhi ya wajane ana nafasi. Mimi siupendi sana utaratibu huu, maana umezaa hadithi nyingi zinazohubiri kuliko zinavyosimulia, ila ndio mlango mpana kuliko yote kwa Kiswahili na ni ujinga kujifanya haupo.

Tanzania ina desturi nyingine. Eric Shigongo na magazeti yake ya Global Publishers walijenga wasomaji kwa hadithi za mfululizo, kila toleo likikatiza mahali pabaya ili ununue lijalo. Mussa Banzi alifanya jambo la jamaa hiyo kwenye video, kwa filamu za Nsyuka na Shumileta, miaka ya mwanzo ya 2000. Watu wa kutishwa, basi, wapo wengi. Siku hizi mfululizo umehamia kwenye simu: sehemu za mwanzo unazipata bure kwenye Facebook au kundi la WhatsApp, kisha mwandishi anataja namba ya kumtumia pesa ili upate iliyobaki. Ni biashara halali, na mtu wa Koboko anaweza kuianza leo jioni.

Lakini ina gharama ambayo wengi huigundua wakiwa wamechelewa. Jarida au tuzo hununua haki ya kuwa wa kwanza kuichapa hadithi yako. Ukishaiweka hadharani, haki hiyo umeitumia mwenyewe, na kuifuta baadaye hakuirudishi. Wapo wanaosamehe blogu binafsi, wengi hawasamehe. Hivyo gawa kazi zako mapema. Hadithi ya mfululizo wa simu iwe ya simu, na ile uliyoihangaikia mwaka mzima usimwonyeshe mtu ila wasomaji wako wawili watatu wa kuaminika. Haki ya sauti ni jambo jingine: PseudoPod, idhaa ya Marekani inayosoma hadithi za kutisha kwenye intaneti tangu 2006, hupokea hata zilizokwisha kuchapwa kwingine, ilimradi mwandishi hakuuza haki hiyo pamoja na zile nyingine. Someni mkataba kabla ya kutia sahihi.

Kwa anayeandika Kiswahili, mlango ninaoutaja kwanza ni Tuzo ya Hadithi Fupi ya Jumuiya ya Madola. Haina ada. Inataka maneno kati ya 2,000 na 5,000, hadithi isiyochapwa, na mwandishi awe na miaka 18 au zaidi. Kiswahili kimo kati ya lugha zinazopokelewa bila tafsiri. Mshindi wa kanda hupata pauni 2,500, wa jumla 5,000. Makumbi huyohuyo aliishinda mwaka 2014, kwa Kiingereza. Waamuzi hawaoni jina lako, kwa hiyo usiliandike ndani ya hadithi yenyewe. Ni kosa dogo linalotupa kazi nzuri nje.

Lugha ya usimulizi iwe sanifu. Mazungumzo yaacheni yaseme kama soko la Koboko linavyosema, pamoja na Kilingala chake na Kiarabu cha Juba. Tena msifafanue kila kitu. John Middleton, mwanaanthropolojia aliyeandika juu ya dini ya Walugbara mwaka 1960, alieleza Adro, pepo wa mtoni, kuwa ni mrefu, mweupe, mwenye nusu ya mwili: jicho moja, mkono mmoja, mguu mmoja. Mhariri wa mbali hahitaji aya nzima ya maelezo hayo. Mpe mtoto aliyetumwa maji jioni akaona unyayo mmoja tu kwenye tope.

Ukitafsiri kazi yako kwa Kiingereza, uwanja unapanuka ghafla. Omenana, jarida lililoanzishwa na Wanigeria mwaka 2014, huchapisha hadithi za ajabu na za kutisha za Waafrika. Dilman Dila, mzaliwa wa Tororo, alitoa mkusanyiko wake A Killing in the Sun mwaka 2014, na tangu hapo hadithi zake zimeingia katika mikusanyiko ya Marekani kama Africa Risen (2022). Majarida yanayolipa ya kule, Nightmare na The Dark, huhesabu malipo kwa neno, senti kadhaa za dola kila moja. Halafu kuna wale wanaotaka wewe ndiye uwalipe ili "wakuchape". Hao waepuke, hata wakikuandikia barua tamu namna gani.

Koboko ina tatizo ambalo Arua mjini halisikiki sana. Jirani zako wa darasa la uandishi si wote raia wa Uganda. Mkimbizi Mkongo wa kambi ya Lobule, au aliyetoka Yei, hawezi kuingia tuzo ya Jumuiya ya Madola, maana inaangalia uraia na wala si mahali unapoishi, na Kongo na Sudan Kusini si wanachama. Mkongo huyo ana Kifaransa, na Omenana limewahi kuchapisha hadithi za Kifaransa. Kabla hajatuma, aulize atalipwa kwa njia gani. Majarida ya nje huzoea benki au PayPal, na mtu ambaye kitambulisho chake pekee ni karatasi ya ukimbizi anaweza kukubaliwa hadithi yake, kisha akakosa pa kupokelea pesa.