Kipokezi cha Atomi na Mawasiliano ya Setilaiti

Setilaiti nyingi za mawasiliano huzunguka juu ya ikweta, umbali wa kilomita 36,000 hivi kutoka ardhini. Kadiri wimbi la redio linavyosafiri ndivyo linavyotawanyika, hata likifika chini limedhoofika mno. Kwa hiyo, mahali pasipofikiwa na nyaya, mawasiliano hutegemea sana ubora wa kipokezi, yaani chombo kinacholipokea wimbi na kutoa ujumbe uliomo.

Kipokezi cha kawaida hutumia antena ya metali. Wimbi huzisukuma elektroni za metali hiyo, na umeme hafifu unaopatikana hukuzwa na mitambo. Lakini ukubwa wa antena sharti ulingane na urefu wa wimbi. Iliyo ndogo mno hupokea vibaya, au hupokea masafa machache tu.

Kipokezi cha atomi hufuata njia nyingine. Mvuke wa rubidi hufungiwa katika kichupa cha kioo, kisha miali miwili ya leza huipandisha elektroni ya nje ya atomi hadi ngazi ya juu, kwa mfano ya 50. Atomi ya namna hiyo huitwa atomi ya Rydberg, kwa jina la mwanafizikia wa Uswidi, Johannes Rydberg (1854-1919). Elektroni yake iko mbali na kiini, nayo imeshikwa kwa ulegevu. Hivyo hata wimbi dhaifu huitikisa. Leza hizo mbili zikilingana, mvuke huupitisha mwanga. Wimbi la redio likifika, mwanga unaopita hubadilika, na katika badiliko hilo ndimo ujumbe unamosomwa.

Faida yake ni mbili. Kwanza, leza ikibadilishwa rangi kidogo, kichupa kile kile huweza kupokea masafa mengine. Mwaka 2021 watafiti wa jeshi la Marekani walieleza kipokezi kinachofanya kazi kuanzia 0 hadi gigahezi 20. Pili, atomi zote za rubidi za aina moja ni sawa popote, kwa hiyo kipimo chake hutegemea maumbile yenyewe, si ufundi wa kiwandani. Mwaka 2023 ilitangazwa huko Marekani kwamba matangazo ya redio ya setilaiti, katika masafa ya gigahezi 2.3 hivi, yamenaswa kwa atomi hizo.

Hata hivyo, antena haijapitwa na wakati. Sahani yake kubwa hukusanya wimbi. Kichupa husoma tu lile linalokifikia. Aidha, kwa kawaida kichupa husoma upana wa megahezi chache kwa mara moja, ilhali mkondo mmoja wa setilaiti mara nyingi huwa na megahezi 36. Kwa sasa, basi, vyombo hivi viwili ni vya kusaidiana: sahani ikusanye, atomi isome. Ndiyo maana jina «kipokezi cha atomi» lafaa kuliko «antena ya atomi», kwani kazi ya kukusanya bado haijawa ya atomi.