Msako wa Mawimbi: Kasha, Redio na Dira

Tarehe 2 Mei 2000 Marekani iliacha kupunguza kwa makusudi usahihi wa mfumo wa GPS kwa raia. Siku iliyofuata Dave Ulmer alificha ndoo karibu na mji wa Portland, Oregon, akatangaza vipimo vya mahali hapo ili wengine waitafute. Hivyo ukazaliwa mchezo wa kusaka makasha.

Wapenzi wa redio za ridhaa, yaani watu warushao mawimbi kwa ajili ya kujifunza na wala si kwa biashara, walikuwa na msako wao zamani kabla ya hapo. Mmoja huficha mtambo mdogo wa kurushia mawimbi, ambao huitwa "mbweha". Wenzake huufuata kwa antena na dira.

Michezo hii miwili ni ya elimu moja. Setilaiti za GPS, zilizo juu kiasi cha kilometa 20,200, nazo ni mitambo ya redio. Kipokezi hupima muda wa safari ya mawimbi kutoka setilaiti nne au zaidi, kisha hukokotoa mahali kilipo. Kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde huzaa kosa la meta 300. Msaka mbweha hupima mwelekeo. Simu humpa mwanafunzi jibu likiwa tayari. Antena humlazimu alitafute mwenyewe.

Tuchukue mfano wa Mwenge. Kundi la kwanza lisimame karibu na soko la vinyago, la pili kwenye mlima wa Chuo Kikuu. Kila kundi lipime upande ambako mawimbi yana nguvu zaidi, na kuchora mstari huo katika ramani. Mistari inapokutana ndipo alipo mbweha. Hata hivyo, kosa la nyuzi 5 tu katika umbali wa kilometa moja hupotosha kwa meta 87 hivi. Aidha, kuta na mapaa ya bati huakisi mawimbi. Kwa hiyo yafaa kuwa na kundi la tatu, na vipimo vichukuliwe mahali pa wazi.

Sheria nayo izingatiwe. Kurusha mawimbi kunahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania; basi mtambo ushikwe na mtu mwenye leseni, ambaye alama yake ya mwito huanza na 5H. Kasha nalo liandikwe jina la shule na kuwekwa kwa idhini ya wenye eneo, maana kitu chenye nyaya kilichoachwa penye watu huzua hofu.

Faida yake haiishii mchezoni. Chombo kinapopata ajali baharini, kifaa chake cha dharura huita setilaiti kwa masafa ya megahezi 406. Vifaa vingi hurusha pia mawimbi dhaifu ya megahezi 121.5. Setilaiti huonyesha eneo. Waokoaji humalizia safari kwa kufuata mawimbi hayo, kama wafanyavyo wasaka mbweha. Mwalimu anayefundisha pembe na mawimbi ubaoni ana sababu njema ya kuwatoa wanafunzi wake nje.