Kinyonga Akishindwa Kushika Tawi, Tazama Taa Kwanza

Mguu wa kinyonga umeumbwa kama koleo. Vidole vyake vitano vimeshikamana katika mafungu mawili yanayotazamana: mguu wa mbele una vitatu upande wa ndani na viwili upande wa nje, na wa nyuma ni kinyume chake. Mkia nao hujizungusha kwenye tawi, kwa hiyo mnyama huyu ana mishiko mitano, na hata usingizi wa usiku kucha haumlegezi. Mwaka 2013 watafiti walichapisha vipimo vya nguvu ya mshiko wa spishi nne za vinyonga. Walikuta kwamba wanaoishi juu ya miti hushika kwa nguvu zaidi kuliko wenzao wa karibu na ardhi, na kwamba ukubwa wa kiganja ndio unaoeleza vizuri zaidi nguvu hiyo. Basi kinyonga wa kufugwa anapoanza kuteleza, kutapatapa au kuokotwa sakafuni mwa kizimba asubuhi, mfugaji hutazama mguu, kisha hutazama tawi. Hununua vijiti vipya, hubadilisha kamba, huchunguza kucha. Si vibaya, lakini mara nyingi anatafuta mahali ambapo tatizo halipo. Mguu wa kinyonga ndio mwisho wa mnyororo mrefu unaoanzia kwenye taa iliyo juu ya kizimba na kwenye tumbo la mdudu aliyeliwa, na kosa linaloonekana leo katika mshiko huwa lilitendeka miezi kadhaa nyuma.

Anayefugwa zaidi Ulaya na Marekani ni kinyonga wa Yemeni, yule mwenye kishungi kirefu kichwani, ambaye kwao ni milima ya Yemeni na kusini-magharibi mwa Saudi Arabia. Huyo ndiye anayefaa kutumika kama mfano. Kwetu Afrika Mashariki kufuga kinyonga si jambo la kawaida. Wengi wanamwogopa bure kwa kudhani ana sumu, na isitoshe kumtoa porini bila kibali ni kosa la kisheria Kenya na Tanzania. Lakini Waswahili walio ughaibuni humwona kwenye maduka ya wanyama na watoto wao huwaomba wawanunulie, na ni vyema mnunuzi ajue mapema kwamba gharama kubwa ya mnyama huyu ni mwanga wake.

Kila msuli unahitaji kalsiamu ili ujikaze, na kila mshipa wa fahamu unaihitaji ili ufanye kazi ipasavyo. Mwili hauwezi kuacha kiwango cha kalsiamu katika damu kishuke ovyo, kwa maana moyo nao ni msuli. Kinachoingia kwa chakula kikipungua, tezi ndogo za shingoni hutoa homoni inayoamuru mifupa iachie akiba yake. Kwa muda mambo huenda sawa: kinyonga anakula, anabadilika rangi, anapanda. Huku ndani mifupa inakuwa laini, na misuli iliyoshikizwa kwenye mifupa hiyo inaivuta mpaka inapinda. Kinyonga hubeba sehemu ya uzito wake kwa mikono aliyoikunja, kwa hiyo kupinda huonekana kwanza katika mifupa mirefu ya mikono, kisha taya hulainika na kishungi kinaweza kulala upande mmoja. Akiba ikikaribia kwisha na kalsiamu ya damu nayo ikashuka, ndipo mfugaji anapoona lile ambalo wazoefu wanalitambua mara moja: kinyonga ananyoosha mkono kutafuta tawi, vidole vinatetemeka hewani, vinafumba, na kilichokamatwa ni paja lake mwenyewe. Anabaki amejishika hivyo, hajui aachie wapi. Ulimi nao unalegea. Unatoka nusu ya njia na mdudu anabaki pale pale. Ukimpa mnyama wa namna hii tawi jipya, hujamsaidia kitu.

Kalsiamu inakosekana vipi kwa mnyama anayeshiba kila siku? Jibu la kwanza limo katika mdudu. Nyenje wanaouzwa kwa ajili ya kulishia wana fosforasi nyingi kuliko kalsiamu, takriban mara sita hadi tisa, wakati mnyama anahitaji kalsiamu ilingane na fosforasi au iizidi hadi mara mbili. Funza wa unga hawana nafuu. Ndiyo sababu wafugaji huwapaka wadudu unga wa kalsiamu kabla ya kuwatoa, na huwalisha wadudu wenyewe mboga za majani siku moja au mbili kabla. Unga huo haudumu: nyenje akiachwa kizimbani saa nzima bila kuliwa hujisafisha, na kinachomezwa ni nyenje mtupu. Jibu la pili ni kubwa zaidi. Hata kalsiamu ikimezwa, utumbo hauichukui vizuri bila vitamini D3, na vitamini hiyo kinyonga huitengeneza katika ngozi kwa msaada wa mionzi ya urujuanimno, ule mkanda unaoitwa UVB, wenye urefu wa wimbi kati ya nanomita 280 na 315. Mionzi peke yake haimalizi kazi, kwani hatua inayofuata katika ngozi huhitaji joto, na kinyonga hana joto lake mwenyewe, analiota. Taa ya mionzi ikiwekwa kona moja na ya joto kona nyingine, atakayeota joto anakosa mionzi. Baadaye ini na figo hukamilisha kazi, ndipo utumbo unapopata amri ya kupokea kalsiamu.

Taa ndiyo inayowadanganya wengi. Balbu ya kawaida, hata iwe kali namna gani, haitoi UVB ya kumfaa mnyama. Kioo cha dirisha huizuia karibu yote, kwa hiyo kizimba kilichowekwa dirishani penye jua tele kinapata joto na nuru lakini hakipati kile kinachojenga mfupa. Wavu wa waya juu ya kizimba unaweza kupunguza theluthi moja ya mionzi, au hata zaidi. Na taa maalumu ya UVB huchakaa kimyakimya: baada ya miezi sita hadi kumi na miwili hivi, kutegemea aina yake, inaweza kuendelea kuwaka vizuri machoni mwa binadamu ilhali mionzi imefifia sana. Jicho letu halioni UVB. Anayetaka uhakika atumie kipimo, na asiye nacho abadilishe taa kwa tarehe, asingoje iungue.

Kwamba mifupa ya mnyama hulainika kwa kasoro ya matunzo lilijulikana zamani kabla watu hawajaanza kufuga vinyonga sebuleni. Mwaka 1889 daktari Mwingereza John Bland-Sutton aliitwa kuwatazama wana wa simba katika bustani ya wanyama ya London, waliokuwa na matege mabaya. Walikuwa wakilishwa nyama isiyo na mifupa. Alishauri waongezewe mifupa iliyopondwa, maziwa na mafuta ya ini la samaki, na wakapona. Neno vitamini lilikuwa bado halijabuniwa. Simba walikuwa hawapungukiwi na nyama, na miguu yao haikuwa na kasoro ya kuzaliwa nayo; tatizo lilikuwa namna walivyotunzwa. Kwa kinyonga hali ni ile ile, ila yeye huanguka kutoka juu, na anayeanguka akiwa na mifupa laini huvunjika.

Wapo wanaopinga, na hoja yao ya kwanza ina uzito: porini nani humpaka panzi unga wa kalsiamu? Mfano ulio karibu nasi ni kinyonga wa pembe tatu wa nyanda za juu za Kenya. Mwaka 1972 wachache waliosafirishwa kutoka Kenya kwenda Hawaii kwa biashara waliachiwa katika bustani ya nyumba kisiwani Oahu ili wapate nguvu baada ya safari. Walitawanyika, wakazaana, na leo wamo katika visiwa kadhaa vya huko. Hakuna aliyewapa unga wala aliyewawashia taa. Lakini mfano huu unaunga mkono upande wa taa kuliko upande wa anayepinga, kwa sababu walichokipata Hawaii ni jua lisilopita kwenye kioo, pamoja na wadudu wa kila namna waliokula mimea ya kila namna. Mtu mwerevu anaweza kujibu kwamba porini tunawaona wazima tu, kwani dhaifu huanguka na kuliwa kabla hatujamwona. Ni kweli, na ndiyo maana kunusurika kwa wa Hawaii pekee hakutoshi kuwa ushahidi. Ushahidi wenye nguvu zaidi ulitoka katika utafiti wa mwaka 2009, kwa kinyonga mwenye rangi nyingi wa Madagaska. Watafiti walipowapa baadhi chakula chenye vitamini D3 kidogo na wengine chenye nyingi, wale waliopungukiwa walijiweka zaidi kwenye mionzi, na walioshiba vitamini wakajiepusha nayo. Mnyama anajua kujipimia, mradi awekewe mahali pa kusogelea na mahali pa kukimbilia kivuli.

Utafiti huo unajibu pia hoja ya pili, ile ya wanaosema kwamba siku hizi unga wa kalsiamu huja umechanganywa na D3, kwa nini basi kuhangaika na taa ya bei kubwa? Kwa sababu kinyonga akizidishiwa mwanga hujiondoa, lakini akizidishiwa vitamini kwenye chakula hana namna ya kuikataa. D3 inayomezwa ikizidi hujikusanya mwilini, nayo kalsiamu huanza kutua pasipofaa, katika figo na mishipa ya damu. Ikipungua, mifupa inaliwa. Unga wenye D3 una nafasi yake kama nyongeza ya mara chache, lakini anayeufanya kuwa ndio mwanga wenyewe anamlazimisha mnyama kutegemea makadirio ya kijiko. Akiba ya fedha anayodhani ameipata ataitumia kwa daktari.

Hoja ya tatu ndiyo ninayoikubali zaidi: wakati mwingine tatizo ni mguu kweli. Ukucha uliong'olewa na wavu wa waya, ngozi kuukuu iliyobaki kama pete kwenye kidole baada ya kujivua na sasa inakaba damu, jipu chini ya kiganja, jongo la maungo kwa mnyama asiyepata maji ya kutosha au mwenye figo mbovu, vyote hivi humzuia kupanda. Vijiti vinene vilivyopigwa msasa navyo vina lawama yao, maana mafungu ya vidole hayawezi kuvizunguka. Namna ya kutofautisha si ngumu. Kidonda na ngozi iliyokaba huwa na anwani: mguu mmoja umevimba, mguu mmoja umeinuliwa, ile mingine mitatu na mkia vinafanya kazi kama kawaida. Upungufu wa kalsiamu hauchagui upande. Miguu yote inadhoofika, mkia unalegea, ulimi unakosa nguvu, na mnyama anayumba hata kwenye tawi analolipenda. Jongo linaweza kushika maungo kadhaa kwa pamoja na kuchanganya mambo, lakini uvimbe wake unaonekana, na daktari anaweza kulithibitisha. Halafu kuna jike wa Yemeni, ambaye hutaga mayai hata bila kukutana na dume, wakati mwingine zaidi ya hamsini kwa mkupuo. Akikaribia kutaga hushuka chini kutafuta mchanga wa kuchimba, na mfugaji mgeni humdhani ameanguka. Huyo apewe ndoo ya mchanga wenye unyevu na faragha. Ila maganda ya mayai nayo yanajengwa kwa kalsiamu, kwa hiyo jike aliyekaa miezi mingi chini ya taa iliyochoka anaweza kuwa na mambo mawili kwa wakati mmoja, na kuanguka kwake kukawa ni kuanguka kweli.

Akishaonekana anajishika mwenyewe au mikono imepinda, kubadilisha taa ni lazima, lakini peke yake hakutoshi tena. Apelekwe kwa daktari wa wanyama anayewajua reptilia, apigwe picha ya eksirei, na kalsiamu itolewe kwa kipimo cha daktari, kwa sharubati au kwa sindano kama anatetemeka sana. Kumnywesha dawa kwa kukisia nyumbani ni hatari, na kumkamata kwa nguvu ili anyweshwe kunaweza kumvunja mbavu au mkono. Wakati wa matibabu kizimba kipunguzwe urefu na chini pawekwe kitu laini. Matawi yalazwe badala ya kusimamishwa, kwa kuwa kupanda wima kunahitaji nguvu ambayo hana, na yawe ya unene tofauti yenye magome yanayoparuza, mengine membamba kiasi cha vidole kuyazunguka karibu kabisa. Wadudu wawekwe katika kikombe karibu na mdomo, kwa kuwa ulimi haufiki mbali. Mshiko huweza kurudi, taratibu, kadiri damu inavyopata kalsiamu na mifupa inavyokuwa migumu tena. Kilichopinda hakinyooki, mfupa hukomaa katika umbo lile lile baya. Kinyonga kama huyo anaweza kuishi miaka akipanda kwa mwendo wake wa kombo, ila mfugaji asirudishe matawi ya juu kama zamani kwa kuona tu kwamba amechangamka.